Mama Swantz na Akina Mama wa Uzaramo: Elimu ya Juu ya Mwanamke na Uongozi, 1952–1985

Kamati ya kitabu hiki cha miaka mia moja ilinipa kuandika juu ya elimu ya mwanamke na nafasi yake katika uongozi. Wenzangu wameandika katika kurasa zilizotangulia habari za wamisionari, za wainjilisti wa kwanza, za ujenzi wa makanisa na za wachungaji waliotumika hapa. Ni kazi njema nami nimenufaika nayo. Lakini mtu akizisoma habari hizo kwa utulivu ataona kwamba akina mama hutokea mara chache, na wakitokea huwa ni wake wa fulani, au ni waimbaji, au ni wapishi wa sikukuu. Kwa sababu hiyo nimechagua kueleza habari za mwanamke mmoja msomi wa kanisa letu la Kilutheri, ambaye katikati ya karne iliyopita aliwachukua akina mama wa Kizaramo kuwa walimu wake, na kwa yale aliyofundishwa akapata shahada ya udaktari wa falsafa. Jina lake ni Marja-Liisa Swantz, mzaliwa wa Finland.

Najua wapo watakaouliza kwa nini katika kitabu cha usharika wa Pwani nianze na mgeni. Jibu langu ni kwamba sitaandika sana juu ya mgeni. Nitaandika juu ya bibi zetu, kwa kuwa ndio waliokuwa somo la elimu yake, na kwa kuwa bila yeye kuandika, mengi waliyoyajua yangekwenda kaburini pamoja nao.

Ili jambo hili lieleweke ni lazima turudi nyuma kidogo. Injili ililetwa Uzaramo na chama cha misioni kilichoanzishwa Berlin mwaka 1886, wakati Wajerumani walipokuwa wakiitwaa nchi hii. Mmisionari Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887. Kituo cha Kisarawe kilifunguliwa mwaka 1892, nacho cha Maneromango mwaka 1895. Kisarawe walikaa watu waliokombolewa utumwani, wenye asili ya makabila mbalimbali, na hivyo tangu mwanzo kanisa lilionekana machoni pa Wazaramo kama kijiji cha watu wa kuja. Mwaka 1903 kazi ilikabidhiwa kwa chama kikubwa na cha zamani zaidi cha Misioni ya Berlin. Kisha zikaja vita mbili za dunia. Katika kila moja wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na kazi ikabaki mikononi mwa waalimu na wazee wenyeji, hata Walutheri wa Marekani na wa nchi za Nordiki walipokuja kusaidia. Sinodi ya Uzaramo na Uluguru ilikuwa mojawapo ya makanisa saba yaliyoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Katika miaka hiyo yote kanisa la Uzaramo lilikua polepole mno. Linganisheni na Kilimanjaro, au Bukoba, au Njombe. Wazaramo walio wengi waliupokea Uislamu, na wamisionari waliandika barua nyingi Berlin wakijaribu kueleza sababu. Martin Klamroth, aliyekuwa msimamizi wa kazi hii kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa mtu wa elimu. Alichapisha makala ndefu juu ya imani za Wazaramo na juu ya Uislamu katika koloni la Wajerumani. Ni maandishi ya thamani hata leo. Lakini mchungaji mwanamume wa Kizungu, hata angekuwa na bidii namna gani, asingeruhusiwa kupita mlango wa nyumba alimowekwa mwali. Nusu ya dini ya Wazaramo ilikuwa ndani ya nyumba hiyo.

Marja-Liisa alizaliwa mwaka 1926. Alifika Tanganyika mwaka 1952 akiwa mwalimu kijana, akafundisha katika chuo cha waalimu wa kike cha Ashira, Marangu. Ashira ilikuwa mahali pa matumaini makubwa. Wasichana wa Kichaga waliosoma pale walikwenda kufungua madarasa ya wasichana wenzao, na kanisa lilijivuna kwa haki. Huko ndiko alikoanza kujiuliza swali ambalo halikumwacha tena: wasichana hawa walikuwa wamefundishwa nini kabla hawajafika kwetu, na ni nani aliyewafundisha? Mwalimu wa chuo anapokea binti wa miaka kumi na sita au kumi na saba kana kwamba ni daftari jipya, kumbe kurasa nyingi zimekwisha kuandikwa na mama, bibi na shangazi.

Aliolewa na Mchungaji Lloyd Swantz, Mlutheri wa Marekani, naye pia mtafiti, ambaye baadaye aliandika juu ya waganga wa Kizaramo wa Dar es Salaam. Wakahamia Pwani. Mwaka 1966 Mama Swantz alikamilisha andiko juu ya mila za kidini za wanawake wa Kibantu nchini Tanzania, lililogusa makabila kadhaa. Baada ya hapo aliacha kutazama makabila mengi kwa pamoja, akachagua watu wa mahali pamoja: Wazaramo wa kijiji cha Bunju, kaskazini mwa Dar es Salaam kwenye barabara ya Bagamoyo. Msomaji wa Kisarawe atasema Bunju si kwetu. Ni kweli, na leo Bunju imemezwa na jiji. Lakini watu walikuwa ni wale wale, koo ni zile zile zilizotapakaa toka Maneromango na Mzenga hata pwani ya bahari, na ngoma zilizochezwa Bunju zilijulikana Kisarawe kwa majina yale yale. Tasnifu yake juu ya ibada na ishara katika jamii ya Wazaramo iliyokuwa katika mabadiliko, hususan kwa upande wa wanawake, ilitetewa katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, na kuchapishwa mwaka 1970. Katika chuo hicho ndiko alikokuwa Profesa Bengt Sundkler, ambaye kabla ya hapo alikuwa askofu wa Bukoba. Kwa hiyo hawakuwa watu wasioijua Tanzania waliompima.

Tusisahau ilikuwa miaka gani. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, wanafunzi wa kwanza wa sheria walikuwa kumi na wanne tu, na miongoni mwao alikuwamo Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria. Mwanamke mwenye shahada alikuwa mtu wa kuonyeshwa kwa kidole barabarani. Hata hivyo uongozi wa akina mama haukungoja shahada. Mlutheri mwenzetu Barbro Johansson, mmisionari wa Sweden aliyeanzisha shule ya wasichana ya Kashasha, Bukoba, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1959 kwa kuungwa mkono na TANU, kisha akachukua uraia wa nchi hii. Lucy Lameck wa Moshi, aliyesoma Chuo cha Ruskin kule Oxford, alikuwa Naibu Waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Na kabla ya hao wawili kulikuwako Bibi Titi Mohamed.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa maana Bibi Titi si wa usharika wowote wala hakuwa na shahada; alikuwa Mwislamu wa Dar es Salaam, mwenye elimu ya msingi tu, na kiongozi wa waimbaji wa ngoma. Mwaka 1955 aliombwa aingize wanawake katika TANU. Hakuanza kwa kuitisha mkutano wa hadhara na kugawa vipeperushi. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma za akina mama mjini, kimoja baada ya kingine, nao wakaleta watu wao. Kwa muda wa miezi michache walikuwa maelfu. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji Bibi Titi na wenzake, alionyesha wazi kwamba chama kilipata nguvu kwa wanawake kwa kuwa wanawake walikuwa tayari na vyama vyao, vyenye viongozi, michango, nidhamu na njia za kupeleka habari toka nyumba hata nyumba. Wanaume wa TANU, wengi wao wasomi wa Tabora na Makerere, hawakuwa wamekiona chombo hicho mpaka walipokihitaji.

Nami nasema kanisa la Uzaramo lilikuwa na upofu uo huo, tena kwa muda mrefu zaidi. Hicho ndicho Mama Swantz alichokikuta Bunju na kukieleza kwa lugha ya wasomi: kwamba katika kila kijiji cha Kizaramo kulikuwako shule yenye waalimu, mitaala na mahafali, iliyoongozwa na wanawake tangu mwanzo hata mwisho, na ya kwamba katika shule hiyo ndimo walimopatikana viongozi.

Mambo ya ndani ya unyago si ya kuandikwa katika kitabu cha kanisa kitakachowekwa sebuleni na kusomwa na watoto, nami ni mwanamume, sina ruhusa. Nitataja yale tu ambayo yamekwisha kuchapishwa na ambayo kila mzee wa Kisarawe anayafahamu. Binti alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali. Zamani alikaa ndani miezi mingi, hata miaka, asionekane na wanaume. Kungwi ndiye aliyemfundisha. Alipelekwa kwenye mti wa mkole, ambao kwa Wazaramo ni mti wa uzazi, akafunzwa kwa nyimbo na kwa vitendo. Alipotolewa nje ilichezwa ngoma kubwa, akapambwa, ukoo mzima ukafurahi. Wakati wa kukaa ndani alipewa mwana hiti, kijisanamu cha mti chenye kichwa na kiwiliwili tu, kisicho na mikono, amtunze, amwogeshe, ampake mafuta kama mtoto. Mwana hiti hakuwa kitu cha kuchezea. Alikuwa mali ya ukoo, akarithiwa toka kizazi hata kizazi, na umbo lake lilichongwa pia juu ya nguzo za makaburi. Kwa hiyo umbo lile lile lilisimama mwanzoni mwa uzazi na likasimama kaburini.

Wamisionari waliliona umbo hilo wakaliita sanamu, na neno sanamu kwa Mlutheri aliyeikariri Amri ya Kwanza lina uzito wake. Mama Swantz alilitazama kwa njia nyingine. Aliuliza wenye mali. Akaambiwa, na akaona kwa macho yake, kwamba hakuna aliyekiabudu kile kipande cha mti. Kilikuwa ishara ya mnyororo wa uhai upitao kwa mama, katika kabila ambalo kwa asili lilihesabu ukoo kwa upande wa mama, ingawa sheria ya Kiislamu na desturi za mjini zilikuwa zinaipunguza hesabu hiyo. Alieleza jinsi damu, maziwa na kifo, na rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, zilivyorudi katika kila ibada, katika uzazi, katika unyago, katika uganga wa ngoma za madogoli na katika matanga. Mtu aliyefunzwa kusoma ishara hizo alikuwa na maarifa kamili juu ya mwili, ugonjwa, ndoa na mauti. Asiyezijua aliona kelele za ngoma usiku.

Aliyapataje hayo? Si kwa kugawa hojaji. Karatasi za maswali alikuwa nazo, kama ilivyompasa mwanafunzi wa chuo kikuu, lakini maarifa yaliyo ya maana aliyapata baada ya kukubaliwa kuketi pamoja na wenyeji. Akaa mkekani, akashiriki kazi na misiba, akaingia alikoruhusiwa kuingia na kubaki nje alikokatazwa. Alikuja kueleza baadaye kwamba mtu hawezi kuijua ibada kwa kuitazama toka pembeni. Wanaoijua ni wale wanaoishiriki. Neno hilo lingepaswa kututia haya sisi wachungaji. Tunafundisha kila mwaka katika kipaimara kwamba Meza ya Bwana hujulikana kwa kuishiriki, lakini tulipofika kwa majirani zetu tulitosheka kusimama uani na kuuliza.

Kwa miaka mingi nidhamu ya sharika nyingi za misioni ilikuwa nyepesi kueleweka: mzazi aliyempeleka binti unyagoni alitengwa na Chakula cha Bwana. Sisemi kwamba waliotunga kanuni hiyo walikuwa watu wabaya. Waliona mambo ya kweli. Binti aliyewekwa ndani hakwenda shule, na akitoka aliolewa. Zipo nyimbo zisizofaa. Yapo mafundisho ambayo mzazi Mkristo hawezi kuyakubali. Mama Swantz mwenyewe aliandika kwamba tayari katika miaka ya 1960 muda wa kukaa ndani ulikuwa unafupishwa kwa sababu ya shule, na wazazi wa Bunju walikuwa wanatafuta namna ya kuwa na vyote viwili. Lakini ile kanuni ilizaa nini? Unyago haukuisha. Ulihamishwa. Binti wa Mkristo alipelekwa kwa bibi yake kijijini wakati wa likizo, mzee wa kanisa akanyamaza, mchungaji akajifanya hajui, na mama mtu akaketi kanisani Jumapili akiwa na siri moyoni. Katika utumishi wangu nimeketi na akina mama wazee waliobeba siri ya namna hiyo miaka arobaini. Hawakuungama kwa sababu hawakuona kwamba ni dhambi, na hawakusema kwa sababu walijua sisi tunaona hivyo.

Njia nyingine ilikuwapo. Kule Masasi Askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana alijaribu tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kulifanya jando kuwa la Kikristo, na baadaye mafundisho ya wasichana pia yakatafutiwa namna yake. Wapo waliomsifu na wapo waliomlaumu. Kilimanjaro, Mlutheri mwenzetu Bruno Gutmann alitaka usharika ujengwe juu ya ukoo, ujirani na rika za Wachaga. Uzaramo hapakuwa na jaribio la namna hiyo lenye uzito kama huo. Mimi naona, na hili ni oni langu tu, kwamba sababu mojawapo ya ukuaji wetu wa polepole iko hapo. Uislamu wa pwani uliingia nyumbani ukakaa na kungwi. Sisi tulimwambia kungwi achague.

Ukweli mwingine ulifichuliwa na somo hili. Bunju wanawake walikuwa na mashamba yao na fedha zao. Mama aliyelima mpunga au muhogo kwa jembe lake aliyajua mavuno yake, akauza alichouza, na ndoa ikivunjika alirudi kwa ndugu zake, mjomba akampokea. Wataalamu wa maendeleo waliokuja baada ya Uhuru walileta mafunzo ya kilimo kwa mume, na mafunzo ya kushona na kupika kwa mke. Kwa maneno mengine, walimpokonya mkulima jembe wakampa sindano, kisha wakashangaa kwamba chakula hakitoshi.

Msafiri wa barabara ya Morogoro anajua Kibaha iko kilomita arobaini hivi toka Dar es Salaam. Mwaka 1963, mwaka ule ule wa kuungana kwa makanisa yetu, mradi wa pamoja wa Tanganyika na nchi za Nordiki, Finland ikiwamo, ulianza pale. Ulijengwa ukawa na shule ya sekondari ya wavulana, kituo cha afya cha Tumbi na chuo cha wakulima, na mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa serikali ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Washarika wetu wengi wametibiwa Tumbi, na vijana wetu waliobahatika wamesoma katika ile shule. Hakuna anayeweza kuudharau mradi ule. Lakini tazameni jinsi miaka ilivyolingana. Tokea 1963 hata 1970 fedha za Nordiki zilijenga Kibaha madarasa ya wavulana. Katika miaka hiyo hiyo Mfini mmoja, mwanamke, asiye na mradi wala jengo, alikuwa Bunju akijifunza kwa wanawake wasiojua kusoma. Mwaka ambao Kibaha ilikabidhiwa ndio mwaka tasnifu yake ilipochapishwa. Kibaha ilipewa sherehe na jiwe la msingi. Kitabu kilipata wasomaji wachache, wengi wao Ulaya.

Hata hivyo kazi iliyotoka katika kitabu hicho haikuwa ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mama Swantz alikuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika ofisi iliyoshughulikia utafiti wa mali asili na matumizi ya ardhi. Mwaka 1975 yeye na wenzake wawili, Ulla-Stina Henricson na Mary Zalla, walitoa taarifa juu ya watoto wenye utapiamlo katika Wilaya ya Moshi. Watu walistaajabu: utapiamlo Kilimanjaro, penye kahawa na migomba? Wakaenda majumbani walikotoka watoto wale, na wakaeleza kwamba tatizo halikuwa ujinga wa mama juu ya vyakula, kama ilivyodhaniwa hospitalini. Lilikuwa katika ardhi iliyokwisha kugawanywa vipande vidogo, katika ndoa zilizolegea, katika kazi nyingi alizobebeshwa mama, na katika fedha ya kahawa iliyoingia mfukoni mwa baba. Mama angefundishwa juu ya mayai na maziwa hata jioni, asingepata ya kununulia.

Mwaka huo huo ulianza mradi ulioitwa Jipemoyo, wa Tanzania na Finland, katika sehemu za magharibi za Wilaya ya Bagamoyo, uliodumu hata mwisho wa miaka ya 1970. Jina lenyewe linatosha. Watafiti wa Kitanzania na wa Kifini, akiwamo Helena Jerman, walikaa vijijini na wakulima na wafugaji, na shabaha ilikuwa wanakijiji wenyewe waulize maswali, watafute majibu na kuyapeleka kwa viongozi. Nyakati zile, baada ya watu kuhamishiwa vijijini kwa amri, jambo la mwanakijiji kumwuliza kiongozi swali halikuwa jepesi. Njia hiyo iliitwa utafiti shirikishi, na leo neno shirikishi limezoeleka mno, kila mradi hulitumia, hata ule ambao haujamshirikisha mtu. Wachache wanakumbuka kwamba shina lake mojawapo liko Pwani, kwenye mkeka wa makungwi. Mwaka 1985 alichapisha kitabu juu ya wanawake na maendeleo Tanzania, chenye mifano ya Pwani, Kilimanjaro na Bukoba, akidai kwamba wanawake walinyimwa nafasi ya ubunifu waliyokuwa nayo tayari. Aliongoza pia Taasisi ya Mafunzo ya Maendeleo katika Chuo Kikuu cha Helsinki, na katika miaka ya 1990 alifanya kazi Mtwara na Lindi.

Sipendi tumfanye malaika. Tasnifu ile iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna hata mmoja wa waalimu wake wa Bunju aliyeweza kuisoma, na hadi leo sijaona tafsiri yake ya Kiswahili. Ni deni, na si lake peke yake. Vyuo vyetu vya theolojia vingeweza kulilipa zamani. Tena, kama mchungaji, naona kwamba anaposifia ukamilifu wa ibada zile anapita upesi juu ya binti ambaye hakutaka, aliyelia, aliyeolewa na mtu aliyechaguliwa na wengine. Yupo binti wa namna hiyo katika kila kizazi, naye pia ni mwanamke wa Uzaramo. Anayetaka kuyarudisha ya kale yote kwa sababu msomi wa Uppsala aliyaeleza vizuri amesoma vibaya.

Lakini kwa habari ya uongozi, naona alikuwa na haki, na ushahidi uko mbele yetu. Chukueni orodha ya wenyeviti wa umoja wa wanawake katika sharika zetu za Kisarawe na Kibaha. Waulizeni wazee ni akina nani walioweza kukusanya michango ya bati mwaka wa njaa, kupatanisha wenye ugomvi, na kujaza malori kwenda mkutano wa injili. Mara nyingi mtatajiwa wanawake ambao bibi zao walikuwa makungwi au viongozi wa ngoma. Walijifunza nyumbani jinsi ya kuongoza watu bila cheo. Sisi tuliwapa vyeo baadaye sana. Uamuzi wa kanisa letu kuruhusu wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji ulifikiwa mwaka 1990, na ninakumbuka hoja zilizotolewa na baadhi yetu wakati ule, kana kwamba jambo la mwanamke kusimama mbele ya watu na kufundisha lilikuwa geni katika nchi hii.

Wapo bado katika usharika huu akina mama waliozaliwa kabla ya mwaka 1950, waliowekwa ndani kwa desturi ya zamani na baadaye wakabatizwa, au waliobatizwa kwanza na kupelekwa kwa siri. Ningeiomba kamati ya kumbukumbu iwaombe mabinti zetu wenye shahada, na sasa tunao wengi, wakae nao na kuandika kwa Kiswahili yale ambayo wazee hao watakubali yaandikwe. Wavulana wasitumwe kazi hiyo. Wala mchungaji asihudhurie.

Mwaka 1995 Mama Swantz alirudi tena kwa Wazaramo na kuchapisha kitabu juu ya damu, maziwa na mauti. Safari hii jina lake halikuwa peke yake. Yalikuwapo pia majina ya Salome Mjema na Zenya Wild. Na kitabu chake juu ya kutafuta maarifa yaliyo hai, ambamo anasimulia safari yote toka mwaka 1952, kilitolewa mwaka 2016, yeye akiwa na miaka tisini. Hicho hakikuchapishwa Uppsala wala Lund. Kilichapishwa Dar es Salaam, na Mkuki na Nyota.